Malisho bila daftari: ardhi ya Elwak iandikwe kabla haijagawanywa

Mwezi Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori zilizoanzishwa katika maeneo ya Chari na Cherab, kaunti ya Isiolo, zilikiuka Katiba na sheria. Wakazi zaidi ya 160 walikuwa wamekwenda kortini wakisema malisho yao yaligeuzwa hifadhi na walinzi wenye silaha wakaletwa bila wao kushirikishwa ipasavyo. Korti ikakubaliana nao.

Kutoka Isiolo hadi Elwak ni safari ndefu ya kupitia Modogashe na Wajir, na huenda mfugaji wa Mandera Kusini akaiona hiyo kuwa kesi ya watu wengine. Namwomba aitazame tena. Ardhi iliyobishaniwa kule na ardhi anayochungia ngamia wake huku zinatawaliwa na kifungu kimoja cha Katiba. Udhaifu uliowafikisha wenzake kortini ndio ulioko Elwak leo: malisho yana wenyewe, ila hayajaandikishwa kwa jina la wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimamo wangu ni huu: jamii za Elwak zisajili malisho yao sasa, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na ziyasajili kwa namna ya mfugaji, yaani kwa visima, mapito na zamu, wala si kwa kila ukoo kujichorea mpaka wake. Sehemu zote mbili za kauli hiyo zina uzito sawa. Tukiiacha ya kwanza, malisho yatatutoka kidogo kidogo. Tukiipuuza ya pili, tutauana kwa ajili yake.

Amana iliyo mikononi mwa kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 61, imeigawa ardhi yote ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Mbuga za kitaifa, misitu ya serikali, barabara na madini yote yaliyomo ardhini ni mali ya umma. Ploti yenye hati miliki ya mtu ni yake binafsi. Malisho ya wafugaji ni ya jamii, na kifungu cha 63 kinasema ardhi hiyo ni ya jamii zinazotambulika kwa kabila, kwa utamaduni au kwa maslahi yanayowaunganisha. Ukitoka mjini Elwak kuelekea Wargadud, Shimbir Fatuma au Kutulo, karibu kila unapokanyaga ni ardhi ya jamii.

Lakini kifungu hichohicho kina sharti. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wenyewe. Elwak ni mji wa Waislamu, na uzito wa amana hauhitaji mahubiri huko. Aliyekabidhiwa mali ya yatima huilinda, huitunza, kisha huirudisha siku mwenyewe akifikia umri wa kuipokea. Sheria ya 2016 inaagiza vivyo hivyo. Kaunti hairuhusiwi kuuza, kuhamisha wala kugeuza kuwa ya binafsi ardhi ya jamii inayoishikilia. Serikali ikitwaa sehemu yake kwa ajili ya mradi, fidia inapaswa kuwekwa katika akaunti maalumu na kukabidhiwa jamii mara tu itakaposajiliwa.

Tatizo ni kwamba yatima hubaleghe kwa kupita miaka, ilhali jamii haibaleghe mbele ya sheria mpaka iende yenyewe kujiandikisha. Isipokwenda, mlezi hubaki na mali, gavana mmoja akimwachia mwingine, wawakilishi wa wadi wakibadilika kila baada ya uchaguzi, na kumbukumbu ya nani alikuwa mwenye mali ikififia. Hata mlezi mwaminifu huishia kuzoea. Asiye mwaminifu hupata nafasi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kenya ni ya jamii, na katika sehemu kubwa ya kaskazini mashariki, karibu miaka kumi baada ya sheria hiyo kuanza kutumika, usajili bado ni jambo la kwenye warsha. Waliotangulia ni jamii za Laikipia na Samburu zilizokuwa na ranchi za vikundi tangu zamani, hivyo zilikuwa tayari na orodha na ramani.

Kwa nini mfugaji anaiogopa karatasi

Simlaumu mzee wa Elwak anayeisikia habari ya usajili na kukunja uso. Kwake serikali ilikuja na karatasi za kumzuia.

Mwaka 1902 utawala wa Mwingereza ulitunga sheria ya kuzifunga wilaya za mbali, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyompa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamua ukoo gani uchunge wapi. Mifugo iliyovuka mstari ilikamatwa, na kosa la mmoja likawa adhabu ya ukoo mzima. Mistari hiyo ilichorwa na watu waliopenda ramani nadhifu, katika nchi ambayo mvua hunyesha bonde moja na kuliruka la pili. Mfugaji aliyeufuata mstari alipoteza mifugo kwa njaa. Aliyeifuata mvua alipoteza mifugo kwa serikali.

Uhuru ulipofika, malisho yakawa ardhi ya amana chini ya mabaraza ya wilaya. Jina lilikuwa zuri. Lakini baraza, au Rais mwenyewe, aliweza kuitenga sehemu yoyote kwa matumizi mengine, na mfugaji akajua baadaye. Miaka mingi kaskazini mashariki ikatawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, zilizoondolewa mwaka 1991 tu. Mtu anayehitaji ruhusa ya kusafiri hawezi kwenda Nairobi kupinga tangazo la gazeti rasmi.

Mwaka 1989, hali hiyo ikiwa bado, Malka Mari iliyo kando ya mto Daua, mpakani na Ethiopia, ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa. Iko katika kaunti hii hii ya Mandera. Wakenya wengi hawajawahi kulisikia jina lake, na watalii hawajapanga foleni kuiona. Hata hivyo kisheria ile si ardhi ya jamii tena. Ni ya umma, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kuingiza mifugo ndani yake bila idhini ni kosa. Kwa mfugaji, mto Daua ni kimbilio la kiangazi. Kwa sheria, ukingo wake katika eneo hilo ni mbuga. Kalamu iliyofanya hivyo haikuhitaji saini ya mchungaji hata mmoja.

Ndiyo maana hofu ya karatasi ina mizizi. Lakini hofu hiyo ina gharama yake, kwa sababu mchezo umebadilika. Zamani karatasi ilikuwa ya serikali peke yake. Sheria ya 2016 imempa mfugaji karatasi yake, naye asipoichukua, wengine watakuja na zao.

Kisima kina mwenyewe, maji yana zamu

Elwak ipo kwa sababu ya visima. Misafara na majeshi yalilenga hapo kwa sababu hiyo. Desemba 1940, wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast waliopigana upande wa Uingereza waliwatimua Waitalia hapo, na hadi leo mji wa Accra una uwanja unaoitwa El-Wak kwa kumbukumbu ya vita hivyo. Jina la visima vyetu limeandikwa mlangoni mwa uwanja wa Ghana. Wenye visima hawajaandikwa katika daftari la ardhi la Kenya.

Wala usidhani visima havina sheria. Miongoni mwa Waborana na majirani waliochangia nao visima kwa vizazi, kisima kirefu kina konfi, yaani aliyekianzisha au mrithi wake, na kina aba herega, msimamizi wa zamu za kila siku. Konfi anaheshimiwa, lakini hawezi kukifunga kisima kama duka. Aba herega ndiye ajuaye ngamia wa nani wanakunywa leo, ng'ombe wa nani kesho, na nani alikosa kuja siku ya kufukua tope. Vijana hupangana ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kwa wimbo mpaka hori lijae. Mgeni aliyefika na wanyama wenye kiu hutafutiwa nafasi, kwa sababu mwaka ujao mvua inaweza kunyesha kwake, na mwenyeji wa leo akawa mgeni.

Tazama jinsi mpango huo ulivyotenganisha mambo mawili ambayo hati ya ploti huyachanganya: nani mwenye kitu, na nani ana haki ya kukitumia. Mwenye kisima anajulikana, na bado maji si yake peke yake. Mafundisho ya Mtume yanayoyahesabu maji, malisho na moto kuwa vitu vya ushirika yamekaa pamoja na mila hii bila mgongano. Hii ni sheria kamili, yenye mamlaka, adhabu na rufaa kwa wazee.

Habari njema ni kwamba Sheria ya Ardhi ya Jamii ina nafasi ya kuipokea. Inaitaka jamii iliyosajiliwa kuzingatia mila za wafugaji madamu hazipingani na Katiba. Inairuhusu kuweka masharti ya malisho, aina na idadi ya mifugo, sehemu ya kiangazi na ya masika. Inairuhusu pia kumpa haki ya malisho mtu asiye mwanachama. Yaani zamu ya kisima inaweza kuandikwa katika kanuni za jamii na ikawa na nguvu ya kisheria. Hiyo ndiyo namna ya mfugaji niliyoitaja mwanzo.

Malisho yanavyotoweka

Katika miji yote ya kaskazini mashariki, dalili ya kwanza ni ua wa miiba. Mtu mwenye uwezo huzungushia eka kadhaa nje ya mji, akisema anahifadhi nyasi kwa mifugo yake ya maziwa. Mwaka unaofuata kuna birika la maji ndani yake, na maji yanauzwa. Baadaye hutokea barua ya ugawaji. Mfugaji mdogo anazunguka ua wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka siku moja anagundua mapito ya kwenda kisimani yamezibwa. Hakuna aliyetangaza kuyafunga. Yalizibwa ua kwa ua, na kila mwenye ua atakuambia hakukuta alama yoyote ya mwenyewe.

Barabara inaharakisha mambo hayo. Lami ya kutoka Isiolo kupitia Wajir na Elwak hadi Mandera inajengwa kwa vipande, baadhi yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2020. Naiunga mkono barabara hiyo kwa moyo wote. Mama anayejifungua kwa shida hawezi kusubiri lori likwamuliwe kwenye laga. Lakini lami hupandisha bei ya ardhi, na mkandarasi huhitaji changarawe, maji na uwanja wa kambi, vyote kutoka kwenye ardhi ya jamii. Jamii iliyosajiliwa hukaa mezani, ikadai kodi na fidia kwa jina lake. Isiyosajiliwa huambiwa kaunti imeshazungumza kwa niaba yake.

Chini ya ardhi ya Elwak kuna jasi, madini ambayo viwanda vya saruji haviwezi kuyakosa. Madini ni ya umma, hilo Katiba imeshasema. Hata hivyo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ambako uchimbaji unafanyika. Asilimia 10 ya jamii gani? Serikali kuu ina akaunti, kaunti ina akaunti. Jamii isiyo na orodha ya wanachama, kamati wala jina lililosajiliwa haina pa kuupokea mgawo wake, wala sauti ya kudai shimo lifukiwe mchimbaji akiondoka. Lori linapita na mzigo mweupe, na mwenye malisho anabaki na vumbi.

Kuna pia wanyamapori, na hapa nataka nieleweke vizuri. Wanyamapori wa kaskazini mashariki ni urithi wetu, na mfugaji amekaa nao kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Chukua hirola, swala mwenye alama nyeupe inayozunguka macho kama miwani. Kule Garissa, hifadhi ya Arawale ilitengwa miaka ya 1970 kwa ajili yake. Wakati huo walihesabiwa kwa maelfu. Leo hawafiki 500. Kutangaza hifadhi kwenye karatasi hakukuwaokoa na magonjwa, ukame wala kupotea kwa nyasi. Waliosalia wengi wanaishi kwenye malisho ya wafugaji, pamoja na ng'ombe, nje ya mipaka iliyochorwa kwa ajili yao.

Mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Ijara, hirola 48 waliwekwa ndani ya uzio wa kuwazuia wanyama wakali, na wakaanza kuongezeka. Wakazi ndio waliotenga ardhi yao kwa kazi hiyo. Hapo pana funzo kubwa: mnyama hulindwa pale ambapo aliyempisha amekubali kumpisha. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeitambua hifadhi ya jamii kuwa matumizi halali ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii inaruhusu jamii kutenga sehemu kwa kazi hiyo. Lakini jamii inayokubali lazima kwanza iwepo kisheria. Bila usajili, anayetia saini ni nani? Ni mzee mmoja aliyealikwa hotelini? Ni kaunti? Hukumu ya Isiolo ilitufundisha kwamba ridhaa isiyofuata sheria huporomoka kortini, ikiondoka na kazi, fedha na imani za watu. Mwenye nia njema ya kuhifadhi wanyama anapaswa kuwa wa kwanza kuwasaidia wafugaji wasajiliwe, maana ndipo atapata mwenyeji halali wa kuzungumza naye.

Hofu tatu zinazostahili jibu

Wanaopinga usajili si wajinga, na hoja zao nazisikia kila mahali.

Ya kwanza ni damu. Elwak haijasahau vita vya 2004 na 2005 kati ya koo za Garre na Murule. Kati ya 2012 na 2014 Garre na Degodia walipigana katika Mandera na Wajir, vijiji vikachomwa na familia zikakimbia. Ukisema leo ardhi iandikwe, kila ukoo utauliza iandikwe kwa nani. Hofu hii ni ya kweli kuliko zote, na ndiyo sababu nasisitiza isiandikwe kwa ukoo. Katiba haikusema kabila peke yake. Imetaja pia maslahi yanayowaunganisha watu. Wanaokunywa kisima kimoja na kuchunga bonde moja wana maslahi hayo, hata kama koo zao ni mbili au tatu. Jamii inaweza kujisajili kwa eneo la malisho na visima, kila mkazi aliyezoeleka humo akaandikwa, na haki ya majirani kupita na kunywesha ikawekwa katika kanuni tangu siku ya kwanza. Mstari wa 1934 ulisema fulani asivuke. Mpaka tunaoutaka leo uwe wa kueleza utaratibu wa kuvuka. Na tukumbuke kwamba kutoandika hakujazuia vita vyovyote kati ya hivyo nilivyovitaja. Vyote vilipiganwa juu ya ardhi isiyo na daftari.

Ya pili ni uhamaji. Watu husema mfugaji anaifuata mvua, hati itamfunga mguu. Jirani zetu Tanzania wametoa jibu. Katika wilaya ya Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kuyapatia hati, ili mifugo ivuke mipaka ya vijiji kwa haki. Mpaka wa kijiji ulibaki palepale, na ng'ombe wakapita. Tanzania hiyohiyo imetuonyesha pia upande wa pili. Juni 2022, huko Loliondo, serikali ilipoweka bikoni kuzunguka kilomita za mraba 1,500 zilizokuwa malisho ya Wamaasai, kulitokea makabiliano na polisi, watu wakajeruhiwa na wengine wakakimbilia Kenya. Palipokosekana makubaliano, bikoni iliwekwa kwa bunduki.

Ya tatu ni kuuzwa. Tumeona ya Kajiado. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 ziligawanywa vipande kuanzia miaka ya 1980, vipande vikauzwa, na leo Kitengela ni mji wa maghorofa na ua ambako nyumbu na ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakipita. Hofu hii pia ni halali. Sheria ya 2016 imejaribu kuiwekea kizuizi: kuuza au kuhamisha ardhi ya jamii kunahitaji kukubaliwa na angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa, na mkataba wa mwekezaji vilevile. Kizuizi hicho kina nguvu kama orodha ni ya kweli. Orodha ikiwa ya wanaume wa ukoo wenye nguvu na rafiki zao, theluthi mbili yao ni watu wanaotosha ndani ya ukumbi mmoja wa hoteli.

Yafanywe haya

Kwanza, wakati. Sheria inataka wanajamii waitwe kwa tangazo, wakutane, wachague kamati ya watu 7 hadi 15, na mkutano mkuu una akidi ya theluthi mbili. Ukiitisha mkutano wa namna hiyo katikati ya kiangazi, utawapata wafanyabiashara wa mjini, wazee wasiosafiri na wanaotafuta vyeo. Wenye ngamia watakuwa mbali, na watarudi kukuta wameamuliwa. Usajili wa Elwak ufanyike wakati wa mvua za Gu, kati ya Aprili na Juni, mifugo inaporudi karibu na maziwa yapo tele. Tangazo la gazeti la Nairobi halitoshi. Litangazwe kwa Kisomali na Kiborana redioni, misikitini baada ya swala ya Ijumaa, na visimani kwa mdomo wa aba herega.

Pili, majina. Katika ofisi zetu, jina lisilo na nambari ya kitambulisho ni jepesi kama makapi. Kwa miaka mingi watu wa mpakani walipitishwa kwenye msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, na wengi wakakata tamaa. Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa msasa huo. Agizo hilo litimizwe Elwak kwa vitendo, kwa maofisa wa usajili kuzifuata familia za wafugaji huko ziliko, kwani kijana asiye na kitambulisho leo ndiye atakayekosekana kwenye orodha ya wenye ardhi kesho.

Tatu, wanawake. Sheria inakataza ubaguzi, na inamtambua mwanamke aliyeolewa katika jamii kuwa mwanachama. Katika ukame uliodumu misimu mitano mfululizo hadi mapema 2023, ulioua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, wanaume wengi walihama na ngamia waliosalia. Nyumbani walibaki wanawake na mbuzi wachache, wakipanga foleni ya maji ya lori. Huwezi kuniambia kwamba mtu aliyeibeba jamii wakati huo hana jina la kuandikwa katika daftari la ardhi yake. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe, na viti vya kamati viwe na wanawake wenye sauti.

Nne, mapito na visima vipimwe kabla ya kitu kingine chochote. Mpima ardhi akija, asianze na ploti za mjini. Aanze na visima, malaga, njia za mifugo na malisho ya akiba, akiongozwa na wanaoyajua. Yakishawekwa kwenye ramani, hata mpango wa mji utajua wapi pa kusimama.

Tano, kaunti ifungue vitabu. Sheria iliitaka kila kaunti itayarishe orodha ya ardhi yote ya jamii ambayo haijasajiliwa. Serikali ya kaunti ya Mandera iibandike orodha hiyo Elwak, Kutulo na Wargadud, mahali pa wazi, pamoja na taarifa ya fidia yoyote inayoishikilia na barua zote za ugawaji zilizotolewa nje ya mji. Mpaka usajili ukamilike, barua mpya zisitolewe. Mwenye kushika amana hajitwezi kwa kuonyesha hesabu, anajitakasa.

Na nyinyi vijana wa Elwak mliosoma sheria, upimaji na uhasibu mkabaki Nairobi na Eastleigh mkingoja kazi: kazi ndiyo hii. Fomu za usajili zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na wazee wenu hawahitaji kudanganywa na mgeni ili wazielewe. Rudini na mvua ijayo ya Gu. Kaeni na aba herega, andikeni zamu za visima kama anavyozitaja, pitieni vijiji vya koo zote bila kuruka hata kimoja, na mhakikishe kanuni za jamii zinasomwa kwa sauti mbele ya wote kabla mtu yeyote hajatia kidole gumba. Katiba imekwisha kusema malisho ni ya nani. Lililobaki ni wenyewe kwenda kuyachukua, wakiwa pamoja.